Miezi Isiyohesabiwa

Zamani, kabla pikipiki hazijajaa Kisangani kama nyuki, mimi nilikuwa mutu wa toleka. Asiyejua toleka nimueleze: ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Abiria anakaa, wewe unakanyaga. Jasho ni lako, barabara ni ya serikali, mashimo ni ya wote. Nimebeba mapadri, nimebeba mbuzi, nimebeba mama mumoja wa soko la Tshopo ambaye tukipanda kilima alikuwa akinipiga mugongoni na kusema, "Kanyaga, papa, ao haukukula leo?" Lakini abiria ninayemukumbuka kuliko wote ni kioo.

Ndiyo, kioo. Kioo cha kabati, kirefu kama mutu. Mwenyewe alikuwa mufanyabiashara wa mutoni, mutu wa upande wa Yanonge. Alikinunua katikati ya muji, akakaa nyuma yangu akikikumbatia, uso wa kioo ukitazama tulikotoka. Mimi nilikuwa mbele, sikuona kitu. Niliyoyajua niliyajua kwa masikio. Watu wa toleka waliokuwa nyuma yetu walikuwa wanajiona wanakuja, wakacheka, wakapiga kengele. Kijana mumoja alitufuata njia ndefu akichana nywele. Na mwanamuke fulani alipiga kelele, "Yesu!" Walisema aliona mutu nyuma yake ndani ya kioo, akageuka, barabara ilikuwa tupu. Hadithi yake siijui mwanzo wala mwisho. Tuliendelea kukanyaga.

Tulifika kwake, karibu na mto Tshopo, pale unaposikia maji ya barrage, lile bwawa la umeme, yakinguruma muchana na usiku mpaka unasahau kwamba unayasikia. Muke wake alitoka na mutoto mugongoni. Nilidhani atafurahi.

"Mumepita na kitu hii muji muzima? Wazi vile?"

"Mama, ni kioo," mume akasema. "Ningeifunika, batu bangesema nabeba maiti."

"Kitu ya mupya habaionyeshake batu kabla iingie mu nyumba. Batu bote bamekwisha kujiona ndani. Mimi sasa nitajiona wapi?"

Akatoa kitenge kwenye kamba ya nguo, akakifunika kioo palepale uani, kama mutu anayefunika aliye uchi. Mume akacheka, mimi nikacheka, yeye hapana. Lakini alinipa maji na kipande cha kwanga, ule mukate wa muhogo, chenye samaki, maana hakuwa mutu mubaya. Nasema hivyo mapema, kwa sababu ya yale yatakayokuja. Hakuwa mutu mubaya hata siku moja.

Mutoto yule wa mugongoni ndiye aliyekuja kumuoa binti yangu.

Najua nimezunguka. Lakini mimi najua njia moja tu ya kufika mahali, ile niliyopita.

Kijana alikua, baba yake akafa, akaingia kazi ya mutoni. Alikuwa kwenye baleinière, zile mashua kubwa za mbao zenye motere, akishuka mpaka Isangi na kurudi na ndizi, mafuta, samaki wa moshi. Alikuwa na sauti. Akishuka bandarini hata viziwi walijua. Binti yangu alikuwa akiuza mikate ya mafuta hapo hapo bandarini, na yeye alikuwa akiila mikate mingi kuliko njaa yake. Sisi ni Waislamu wa zile familia za zamani, wao ni Wakristo wa mutoni. Kulikuwa na maneno. Maneno yakaisha, kama yanavyoisha mbele ya watu wawili walioziba masikio. Muke wangu alikuwa amekwisha kufariki. Hilo pia ni la kujua: kwa upande wetu hakukuwa na mwanamuke wa kusimama karibu na binti yangu.

Kijana aliniita bokilo, ndivyo tunavyowaita wakwe huku, na mimi nilimuita bokilo, na tulikuwa tunataniana.

"Bokilo, binti yako amenikataza pombe."

"Mushukuru. Mama yake alinikataza kuongea."

"Na ulisikia?"

"Sikusikia, nilikuwa naongea."

Sasa, mu nyumba ya mama wa kijana kulikuwa na desturi. Sisemi watu wote wa Yanonge wanaifanya, mimi naijua kwa nyumba ile. Mwanamuke akishika mimba hasemi. Anatafuta samaki wa moshi, muzima, na kichwa chake, anamuweka karibu na moto wa mama mukwe, anaondoka bila neno. Mama mukwe anamupika. Wanaokula wanajua. Na siku ile ya samaki inaitwa mwezi wa tatu, kwa sababu tangu bibi zao samaki aliletwa mwezi wa tatu. Hesabu inaanzia pale: wa tatu, wa nne, wa tano. Iliyopita kabla ya samaki ni miezi ya kimya. Haina hesabu. Ukiihesabu unaita mutu ambaye hajafunguliwa mulango.

Mimba ya kwanza ya binti yangu, furaha iliwazidi. Samaki alipelekwa mapema mno, na mume akaitangaza bandari nzima. Wabeba mizigo walikuwa wanahesabu pamoja naye kwa wimbo, wakipokezana magunia: "Wa ine, papa! Wa tano, papa!" Mutoto alizaliwa wakati wake, mwanaume, mweusi vizuri, na hakupumua. Waganga wa hospitali walisema ni kamba ya kitovu, ilimuzunguka shingo. Mama wa kijana hakubishana na waganga. Alimuangalia tu mwanaye na kusema neno moja: "Mulihesabu."

Neno lile lilikaa mu nyumba ile kama mugeni asiyeaga.

Mimba ya pili ilipokuja, mama mukwe alisema samaki asiharakishwe. Akae. Tumbo likomae kwenye kimya chake. Basi binti yangu akavaa libaya, zile blauzi pana, na mume akafunga mudomo, yeye ambaye mudomo wake ulikuwa haujui kufunga. Hata kwenda kupimwa mimba hospitali kulingoja, maana utapeleka vipi kupimwa tumbo ambalo haliko? Samaki aliletwa mutoto akiwa amekwisha kuanza kucheza tumboni. Walimula, na mama mukwe akasema, kama ilivyo desturi, "Wa tatu." Mimi haya yote niliyajua baadaye. Baba hahesabu mimba ya binti yake, macho yake yanapita juu ya tumbo kama yanavyopita juu ya jua.

Asubuhi moja nilimupelekea mapapai. Nikamukuta amekaa chini, miguu imevimba mpaka viatu vimekataa, macho amefumba.

"Papa," akasema, "ufukuze hizi nzi."

Nikatazama. "Nzi gani?"

"Zile mu macho yangu. Zinang'aa."

Hakukuwa na nzi. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana, na juu ya tumbo, chini ya mbavu, kitu kilikuwa kinamubana. Nikatoka barabarani bila kofia kutafuta motari wa pikipiki.

Hospitali sitaitaja, watu waliokuwa pale walifanya kazi yao. Daktari alikuwa mwanamuke kijana, mufupi, mwenye haraka ya mikono lakini si ya maneno. Akapima tension ya damu mukono huu, akapima mukono ule, akapima tena wa kwanza. Akatutoa chumbani mpaka ukumbini, sisi watatu: mimi, mukwe wangu, na mama yake.

"Papa, mama, munisikilize. Mimba hii njo inamugonjesha. Dawa yake ni moja: mutoto atoke. Tension ikipanda zaidi atapata crise, atatetemeka na kuanguka, na anaweza kufa yeye, ao mutoto atamufia ndani. Ile ni upande moja."

"Na upande ingine?" nikauliza.

"Upande ingine ni mapafu ya mutoto. Nikimutoa mbele ya wakati, mapafu iko inashikamana kama sachet ya plastiki yenye maji. Couveuse, ile sanduku ya kupasha mutoto joto, iko, lakini courant ya umeme unaijua weye mwenyewe. Mutoto ya miezi sita, hapa kwetu, sitabadanganya. Nikiweza kungoja siku mbili, nimupige mama sindano, piqûre za kukomaza mapafu, nitangoja. Lakini mutoto ya miezi munane namutoa sasa hivi, namulalisha ku kifua ya mama yake, na atalia. Donc munisaidie kitu moja tu. Mimba iko na miezi ngapi?"

Mukwe wangu akasema, "Échographie, ile machine ya kutazama tumbo, haionyeshi?"

"Inaonyesha mutoto mudogo, kama wa miezi sita na kitu. Lakini tension inanyimaka mutoto chakula. Anaweza kuwa na miezi mingi na mwili kidogo. Machine haiwezi kunitenganishia. Nyinyi njo munajua."

"Sita," mama yake akasema.

Hakusema uongo. Alihesabu kutoka kwa samaki, moja moja, bila kuruka. Daktari akaingia ndani kumuuliza mugonjwa mwenyewe, nasi nyuma yake. Binti yangu alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, dirisha limefungwa kwa kitambaa ili mwanga usimuumize. Akamutazama mume wake. Akamutazama mama mukwe wake, aliyekuwa amekwisha kushika miguu yake na kuanza kuisugua.

"Mama anajua," akasema.

Na mimi nikamuona kijana. Alikuwa ameweka mikono nyuma, na kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya vidole vingine, kiungo kwa kiungo, kama mutu anayevuta tasbihi isiyokuwepo. Kikapita, kikapita, kikasimama. Halafu akafunga ngumi.

"Bon," daktari akasema. "Sita. Tunangoja." Akasimama kidogo mulangoni. "Nikikosea huku, mutoto anakufa kwa mapafu. Nikikosea kule, tunapoteza bote bawili. Mutu mwenye neno ingine aje aniambie, hata ya kupeana haya."

Tukangoja. Piqûre ya mapafu ikapigwa, na ile nyingine ya kuzuia crise, ambayo binti yangu alisema inachoma kama moto unaotembea ndani ya mushipa. Ukumbini kulikuwa na bwana mumoja ambaye muke wake alijifungua salama, alikuwa anafurahisha watu. "Barrage iko pale inanguruma kama simba," alisema, "na mutoto wangu amezaliwa na torche ya telefone! Nitamuita Courant, pengine atarudi." Watu wakacheka sana. Hata mimi.

Kesho yake asubuhi mukwe wangu alikaa karibu nami nje, kwenye ukuta mufupi. Alikuwa amenunua karanga na hakuzila, alizimenya tu na kuziangusha.

"Bokilo, mutu akivunja neno ya mama yake, inakuwaka namna gani?"

"Neno gani?"

"Neno ya kunyamaza."

"Kama kuna ugonjwa ndani ya neno," nikasema, "neno linavunjwa. Mama atalia, atanyamaza."

Akasimama. Akaenda mpaka mulango wa chumba. Nikamuona anaweka mukono juu ya mulango. Ndani mama yake alikuwa anasugua miguu ya binti yangu na kumuimbia polepole, wimbo wa kanisa, na binti yangu alikuwa amelala, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Akasimama pale. Daktari akapita na vitu vyake mukononi, akamuuliza kwa macho. Akatikisa kichwa, hapana, hakuna. Akarudi, akakaa, akaendelea kumenya.

Muchana mvua ikanyesha, ile mvua yetu ambayo bati zinakataza watu kusikilizana. Ndiyo maana hatukusikia mwanzo. Tulisikia chuma cha kitanda kikigonga ukuta. Mama mukwe akatoka mbio, mikono yake inang'aa mafuta. Binti yangu alikuwa ameshikwa. Watu wakaja, tukasukumwa nje, kitanda kikapita mbele yetu kikikimbizwa, na mukono wake mumoja ulikuwa unaning'inia na kupiga, kupiga.

Walimupasua na mashine ya mafuta ikiunguruma nje. Mutoto alitoka, na hatukusikia kilio. Tulisikia pumzi ya kile kipira wanachobana kumupulizia hewa. Fff. Fff. Muda murefu sana. Halafu kikanyamaza, na ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mutu: mwishoni mwa kila pumzi, kuguna kudogo, hnn, hnn, kama mutu mudogo anayebeba gunia kubwa na anaficha kwamba ni zito.

Msichana. Na mama yake alikuwa muzima.

Daktari akatuita. Mutoto alikuwa juu ya meza, chini ya kitambaa. Akashika mguu wake, akaupindua, akautazama wayo. Akakunja sikio lake kwa kidole, akaliachia, sikio likaruka likarudi mahali pake. Akatazama kucha. Akarudi kwenye wayo.

"Iko na mistari," akasema. "Mutoto ya miezi sita nyayo yake iko laini kama sabuni. Huyu anakaribia miezi munane. Ni mwembamba kwa sababu alikosa chakula, lakini alikuwa tayari. Nani alihesabu?"

"Mimi," mama mukwe akasema. "Toka samaki."

"Samaki gani?"

Ndipo kijana akasema, akitazama ule mguu, "Ni munane, docteur. Mbele ya samaki tulinyamaza miezi mbili zaidi. Nilijua. Mwezi ile baleinière yetu ilikwama ku muchanga, nikarudi nyumbani kwa mguu, mimba ikashika. Nilijua siku yote."

Mama yake akanyoosha mukono, akamufunika mudomo. Kwa kiganja, kama unavyomufunika mutoto anayesema mbele ya wageni. Akauacha pale, na kijana hakuuondoa.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia yake ya kitambaa. "Ningemutoa jana asubuhi," akasema. "Angelia." Akasimama, akaenda kwa mugonjwa mwingine.

Mutoto aliishi. Kuguna kule kuliisha baada ya siku chache, akiwa amefungwa kwenye kifua cha mama yake kwa kitenge. Tukasema Mungu ni mukubwa. Lakini wenzake walipoanza kuinua shingo, yeye hakuinua. Wenzake walipokaa, yeye mwili wake ulikuwa unakakamaa kama ubao, halafu unalegea. Macho yake yanafuata mwanga. Ukimuimbia anasikia, naapa anasikia. Mama wa kijana anakuja kila siku, anamusugua mafuta ya ngazi, yale ya mawese, miguu, mugongo, shingo, anainua ile shingo na kuishika. Samaki hali tena, na hakuna aliyemuuliza.

Mimi ile sauti naisikia. Ndani ya birika linapokaribia kuchemuka. Ndani ya mulango wa jirani. Nikiwa kwenye sala nimeinama, naisikia hnn upande wa kushoto, nageuza salamu haraka. Lakini mimi ni muzee, masikio ya muzee yamejaa watu. Kijana ndiye aliyeteswa. Alikuwa ananyamazisha mazungumuzo, kidole juu: "Munasikia?" Tunasikiliza, ni barrage tu. Sauti yake ya bandarini ikapotea. Badala yake akaanza kuhesabu. Alihesabu ndizi, alihesabu sahani, alihesabu watu wakishuka mashua, kwa sauti ya chini, mudomo ukicheza, na mama yake akimusikia alikuwa anatoka nje. Wenzake wa mizigo hawakujua wamuseme vipi, wakamutania, ndiyo njia yao. "Weye ya kwanza ulihesabu na makelele, ya pili ukasahau! Ya tatu utuachie sisi!" Akacheka nao. Binti yangu alimuambia mara nyingi, mbele yangu, "Na mimi nilijua. Na mimi nilinyamaza. Kaa na mimi." Kijana alikuwa anamuitikia, ndiyo, ndiyo, kama unavyomuitikia mutu wa ng'ambo ya pili.

Siku ya Mungu moja, Jumapili asubuhi, binti yangu alikuwa anafua. Mama wa kijana alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta na mutoto mapajani. Alikuwa na mafua kidogo, na kwa sababu ya makamasi akaguna. Mara moja, mara mbili. Kweli kabisa, si ndani ya kichwa cha mutu.

Kijana alikuwa anafunga kamba za viatu. Akaja, akachutama, akaweka sikio karibu na mudomo wa mwanaye. Akakaa hivyo.

"Bokilo," akasema, "iko na miezi ngapi sasa?"

Nikamuambia.

"Hapana. Uongeze mbili."

Akamugusa mutoto wayo, kwa kidole kimoja. Akasimama, akanyoosha kola ya shati.

"Unaenda wapi?" mama yake akauliza kutoka jikoni. "Chakula iko karibu."

"Nakuya."

Akapita karibu na binti yangu, akaruka maji ya sabuni ili asichafue viatu. Akasalimia jirani. Akafika barabarani, akangoja pikipiki mbili zipite, akavuka, akaenda na ule mwendo wa mutu anayeenda kununua sabuni na kurudi. Kwenye kona hakugeuka nyuma. Hakurudi.